Mmarekani wa Mkono wa Kushoto

Sio kila aibu mtu unaisimulia mwenyewe, nyingine unawaachia wenzako waisimulie halafu wewe unakanusha, lakini hii yangu ilitoka kwenye spika mbili kubwa na majirani wote wakaisikia, kwa hiyo kukanusha nimeshindwa, bora niiseme mie kabla hamjaisikia kwa watu wa Chanika, maana wale huongezaga chumvi. Na naomba mnielewe toka mwanzo kwamba siku ile sikumtukana mtu. Nilikuwa natoa maoni kuhusu gari.

Maoni ndiyo ugonjwa wangu. Mie naitwa Faraji, naishi Kinondoni, nauza bima, naendesha kigari kidogo cha Kijapani ambacho mlango wake wa nyuma unafunguka kwa ndani tu, lakini ukinisikia naongea kuhusu magari utadhani nina karakana Ulaya. Na siko peke yangu. Tuna grupu letu la wapenda magari, Jumapili tunakutana pale tunapooshea magari, siku nyingine tunabishana kwenye simu kwa kutumiana voisi, na hakuna hata mmoja wetu anayemiliki gari tunalobishania. Tunabishania magari ambayo hayajawahi kushushwa bandarini kwetu, na watu wananuniana kwelikweli (kuna wawili walimaliza mfungo mzima hawasalimiani kwa sababu ya giaboksi).

Sasa kuna gari moja la Kimarekani, la kifahari, la chini, la milango minne, limetengenezwa kwa ajili ya matajiri wanaopenda mbio. Wenye kampuni wakaamua kulibadilisha sura. Picha ziliingia kwenye grupu asubuhi na kufika mchana tumeshagawanyika. Sele, ambaye ni rafiki yangu na ndiye mpinzani wangu mkubwa, akasema hiyo ndiyo sura ya kisasa, tazameni taa zilivyoshuka mpaka chini kwenye bampa, tazameni skrini ya ndani ilivyoenea dashibodi nzima, wale wanaolilia sura ya zamani wakanunue trekta. Mwingine akasema sura haimhusu, yeye anataka kujua kama ile injini kubwa bado ipo, na kama haipo basi wamemzika mtu akiwa hai. Mwingine akasema wa zamani alikuwa mwanaume, huyu wa sasa kapakwa wanja. Mie nikawa upande wa wa zamani, na nikiwa upande wangu huwa sishuki.

Hapo lazima niwaeleze kitu, maana ndicho kilichoniponza. Sie kwenye grupu gari hatuliiti gari. Gari ni mtu. Ni Mjapani, ni Mjerumani, ni Mmarekani. Tunasema huyu, tunasema yule, anakimbia, anakunywa (mafuta), kazeeka vizuri. Ukituambia "gari hili linatumia mafuta mengi" tunakuona umekuja kuulizia nauli. Shoo ya mbele, ile grili, tunaiita mdomo, taa ni macho, nyuma ni nyuma. Na gari ambalo usukani wake uko kushoto, kama walivyo hao wa Kimarekani, hilo hata nyie mnaliita la mkono wa kushoto. Tumeongea hivyo miaka yote na hakuna aliyewahi kuumia.

Wakati huohuo nilikuwa na ishu nzito kuliko magari yote duniani, nilikuwa nataka kuoa. Mchumba wangu ni Tatu, kwao Chanika, baba yake Mzee Hamadi ana duka la vifaa vya ujenzi hukohuko, mtu wa Lindi, mpole, anaongea taratibu utadhani kila neno analilipia ushuru. Posa ilishapelekwa na baba yangu mdogo Issa, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga wangu, ikapokelewa vizuri, wakala na biskuti, lakini jibu halikutoka. Wakasema wanamngoja shangazi mtu.

Huyo Shangazi Mwajuma ni dada mkubwa wa Mzee Hamadi. Tatu alipofiwa na mama yake akiwa mdogo, shangazi ndiye aliyemchukua akamlea, baadaye akaenda kufanya kazi Marekani na kutokea huko akawa anamsomesha mpaka akamaliza chuo. Nyumba ile haichimbwi hata shimo la taka bila yeye kuulizwa. Akisema ndiyo ni ndiyo, akisema hapana hata Mzee Hamadi hana pa kukata rufaa. Sasa alikuwa anarudi kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, na moja ya mambo aliyokuja kuyatolea kauli ni mie.

Tatu alinionya mapema. Akaniambia shangazi yake alipata kiharusi kulekule, amepona, anatembea, lakini upande wa kushoto haujarudi sawasawa, mdomo umevutika, jicho limeshuka, na mkono wa kushoto hauna nguvu. Na kwamba tangu ametua wote nyumbani wamekubaliana wasilitaje, wamwoneshe furaha tu. "Usimkazie macho," akaniambia, "na usimuulize hali yake, muulize safari." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mie kwa adabu najulikana (nani ananijua kwa adabu, sijui, lakini ndivyo nilivyosema).

Basi Jumamosi ikafika, siku ya chakula cha kumkaribisha. Nilimpakia Baba mdogo Issa tukaenda, nimevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikawa inasimama yenyewe. Uwanja wa nyumba umefungwa turubai, viti vya plastiki vimepangwa, masufuria ya pilau yako upande wa jikoni, watu wamejaa. Shangazi amekalishwa mbele kwenye kochi lililotolewa sebuleni, mtandio wake ameuvuta umefunika shavu la kushoto. Nikampigia shikamoo, nikamuuliza safari, akanijibu taratibu kwamba safari ilikuwa ndefu, na muda wote huo mie nilikuwa natazama viatu vyake. Nadhani navijua viatu vile kuliko yeye.

Watu walikuwa wanapishana kumsifia. Mara umenawiri, mara umekuwa msichana, mara ulaya imekupenda. Alijaribu kupokea kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto kikamponyoka, chai ikamwagika kwenye dera lake, basi wifi yake mmoja akaifuta huku anaendelea kuongea habari za mvua, na watu wote wakageukia mvua kwa pamoja. Mzee Hamadi akasimama akatangaza kwa furaha, "Mmarekani wetu karudi," na uwanja mzima ukaitikia, Mmarekani, Mmarekani, na ikawa ndilo jina lake siku ile, mpishi anauliza Mmarekani amepewa maji, mtu anasema mpisheni Mmarekani. Mie nikatabasamu kimoyomoyo maana nilimkumbuka yule mwingine wa kwenye grupu.

Spika za kukodi zilikuwa zimeshafika lakini mtu wa muziki alikuwa hajatokea, na Mzee Hamadi anaangalia barabarani. Nikaona hapo ndipo pa kuonesha kwamba mkwe mtarajiwa ana faida. Nikamwambia aniachie mie, spika zenyewe zilikuwa za kisasa, hazitaki waya, nikaziunganisha na simu yangu, nikawawekea taarabu laini, akina mama wakaanza kutikisa mabega kidogo, na Mzee Hamadi akanitikisia kichwa. Nikakaa nikijiona nimeshaoa.

Simu ikatetemeka mfukoni. Nikasema sitaitazama. Ikatetemeka tena, nikaitazama. Sele alikuwa ametuma ujumbe kwenye grupu kwamba Faraji tangu jana amekuwa kimya, ameishiwa hoja, sura mpya imeshinda, mjadala ufungwe, na watu wameweka vicheko chini yake. Jamani, mngeniacha nikae pale nile pilau yangu, ningekuwa mtu wa heshima mpaka leo. Lakini nikajiambia dakika mbili tu, naenda kwenye gari, namjibu, narudi. Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo hivyo.

Gari langu nilikuwa nimeliegesha nje, limeegemea ukuta kabisa, na upande wa pili wa ukuta ndipo zilipokuwa spika. Nikaingia, nikapandisha vioo vyote nisisumbuliwe na kelele, nikabonyeza, nikaongea. Kwamba muziki wa shughuli ulikuwa unatoka kwenye simu ileile niliyoishika wala halikunijia, kichwa changu chote kilikuwa kwa Sele. Na niliongea vizuri siku hiyo, nakiri, maneno yalikuwa yanakuja yenyewe. Nilisema hivi:

"Jamani tusidanganyane. Huyu Mmarekani kila mtu anamsifia kwa sababu hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema. Mie nitasema. Sura imeharibika. Zamani alikuwa na uso wa heshima, ukimwona unampisha mwenyewe. Sasa hivi mdomo umevutwa umekuwa mpana, macho yametelemka mpaka mashavuni, ukimtazama kwa mbele hujui amekasirika au ana usingizi. Halafu anakunywa, anakunywa kupita kiasi, na hilo wote mnalijua mnajifanya mmesahau. Nyuma sawa, nyuma sina neno, kaumbika. Lakini ule mkono wa kushoto ndio unaoniudhi kabisa, kwa mazingira ya huku mkono wa kushoto ni mzigo, mtu wa hivyo unamleta Bongo wa nini?"

Baada ya hapo niliendelea na mengine ambayo mtayasikia baadaye. Sasa mie nina tabia moja ya kijinga, voisi yangu siitumi mpaka nijisikilize kwanza, naipendaga sauti yangu nikiwa na hoja. Nikabonyeza nijisikilize. Kimya. Nikaona mstari unatembea lakini sauti haitoki. Nikafikiri spika ya simu imeingia maji, maana wiki ile niliidondosha kwenye ndoo ya povu kule tunakooshea magari. Nikaipandisha sauti mpaka mwisho, nikaanza tena mwanzo. Kimya. Nikaifuta kwa kanzu, nikaipuliza, nikaanza tena mwanzo.

Na nitawaambia ukweli, kwa mbali nilikuwa nasikia sauti ya mwanaume inanguruma upande wa pili wa ukuta. Maneno sikuyapata kwa sababu ya vioo, nikadhani ni mzee fulani amesimama anatoa hotuba ya ukaribisho. Nikajisemea moyoni, huyu mzee anaongea kwa uchungu, na mbona anarudiarudia.

Kilichokuwa kinatokea ndani nilisimuliwa na Baba mdogo Issa. Anasema muziki ulikatika, watu wakadhani wimbo unabadilishwa, mara ikatoka sauti ya mtu anasema jamani tusidanganyane. Kwanza walifikiri ni redio. Lilipotajwa Mmarekani, watu wakageuka. Kwenye mdomo, vijiko vikatulia. Kwenye anakunywa, Mzee Hamadi akasimama, maana dada yake hajawahi kugusa pombe na ana hija yake. Kwenye nyuma, bibi mmoja akaanza kuleta istighfari. Na kwenye mkono wa kushoto kila mtu akatazama chini. Halafu ikaanza tena upya, kwa sauti kubwa zaidi. Kuna kijana mmoja alikimbilia spika achomoe waya, akazunguka nyuma yake, akazunguka mbele, hakuna waya. Hivyo wakasikiliza tena, mdomo, macho, anakunywa, mkono wa kushoto, na kila nilipoanzia mwanzo mambo ya injini yalikuwa hayajafikiwa.

Mie najua tu kwamba kioo kiligongwa. Alikuwa Tatu. Nikakishusha nikitabasamu, nikitaka kumwambia simu yangu imekufa. Akanyoosha kiganja. Nikampa simu. Akabonyeza, na yule mzee wa hotuba ng'ambo ya ukuta akanyamaza katikati ya neno.

Ndipo nikaelewa. Yule mzee wa hotuba alikuwa ni mie.

"Tatu, lile ni gari," nikamwambia.

"Kamwambie yeye," akajibu, akatangulia na simu yangu.

Niliingia uwanjani. Kwa kuchanganyikiwa nikaanza kuwapigia shikamoo wote niliopishana nao, mpaka msichana aliyekuwa ananawisha watu mikono, naye masikini akaitikia marahaba. Baba mdogo Issa alikuwa amejisogeza karibu na geti. Mzee Hamadi alikuwa bado amesimama, na alipoongea aliongea kwa upole uleule, jambo ambalo liliniumiza zaidi.

"Kijana, nilikupokea vizuri," akasema. "Naomba uondoke kabla sijasema neno ambalo nitalijutia."

Nikamwambia Mzee, naapa, nilikuwa nazungumzia gari. Jipya, la Kimarekani, limebadilishwa sura. Niliposema hivyo nikasikia mwenyewe jinsi linavyosikika. Wifi mtu akauliza gari lina mdomo. Nikasema ni shoo ya mbele, mama. Akauliza na kunywa je. Nikasema mafuta, linakunywa mafuta. Bibi wa istighfari akauliza na ile nyuma, hapo nikajifanya sijamsikia bibi. Mtu mwingine akasema kwa chini, na mkono wa kushoto. Nikasema usukani, jamani, usukani wake uko kushoto, na kila nilivyoeleza nikaona ninavyozidi kuzama, kwa sababu kila jibu lilikuwa kweli na hakuna hata moja lililofanana na kweli.

"Gari gani linaitwa huyu?" Mzee Hamadi akauliza. "Nimeuza duka miaka yote na magari yananiletea mizigo. Gari ni hili. Huyu ni mtu."

Nilimtazama Tatu, akanikwepa, na moyo ukaniuma kweli, maana nilimwona anatazama vitu vyake vyote, shangazi aliyemlea na mwanaume aliyemchagua, vinavunjika pamoja mbele ya wageni, na aliyevivunja ni mie kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Hamadi, kaa," Shangazi akasema kutoka kwenye kochi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tufike kumsikia anaongea bila kuulizwa. "Kila mara ilikuwa inakatika. Wekeni niisikie mpaka mwisho."

Watu wakamwambia haina haja, Shangazi, usijiumize, mambo ya kipuuzi hayo. Akarudia neno lake. Tatu akabonyeza. Nikasimama katikati ya uwanja nikijisikiliza kwa mara ya kwanza siku ile, na ile sauti ninayoipendaga niliichukia. Tukapita sura, tukapita mdomo, tukapita macho, kunywa, nyuma, mkono, mtu wa hivyo unamleta Bongo wa nini, halafu ikaendelea:

"Na injini waliyomwekea ni ndogo, haiendani na bodi, spea zake huku hamna, na zile rimu kwa mashimo ya kwetu hazifiki hata Gongo la Mboto. Ila nimalizie kwa haki. Pamoja na yote hayo, akipita mbele yangu leo nitasimama nimtazame mpaka apotee. Mmarekani ni Mmarekani. Sele, jibu hoja."

Wa kwanza kucheka alikuwa kijana wa spika. Kisha mwingine, kisha uwanja mzima, watu wanashikana mabega, rimu jamani, ni rimu, Mzee Hamadi akajipangusa jasho na kusema Alhamdulillah mara nyingi, wifi akanipiga begani kwamba nusura niwaue kwa presha. Nami nikacheka kwa mbali, nikaona nimepona.

Shangazi hakucheka. Alisubiri wamalize, na kwa kuwa hakuwa na haraka, walimaliza haraka.

"Huyu kijana alikuwa anasema gari," akasema. "Nyie mlijuaje kwamba ni mimi?"

Wifi aliyefuta chai akatazama mikono yake. Nimeshawahi kuwa kwenye vikao vya misiba vyenye kelele kuliko pale.

Akaendelea, taratibu, maneno mengine yakimpa kazi kuyatoa. Alisema tangu ameshuka kwenye ndege wanamwambia amenawiri. Alisema wametoa kioo kikubwa kilichokuwa koridoni, na kwamba alama ya kioo bado iko ukutani. Alisema kule hospitali alikuwa anajipa moyo kwamba nitafika nyumbani, ndugu zangu watalia, watanishika uso, watauliza Mwajuma nini kilikupata, halafu na mimi nitalia nimalize. Badala yake amekuta watu wanaongelea mvua. Kisha akaushusha mtandio mpaka mabegani, akaniita kwa kidole cha mkono mzima.

"Wewe mwenye maoni, njoo. Leo nitazame usoni, unieleze unaona nini."

Jamani. Mie ambaye nina maoni juu ya gari ambalo sijawahi hata kuligusa, nilisogea pale ulimi mzito. Nikapiga goti ili tuwe sawa. Nikatazama. Nilijua nikisema uongo nimekwisha na nikisema kweli pia naweza kuwa nimekwisha, lakini uongo alikuwa ameshaushiba.

"Mdomo umekwenda kushoto, Shangazi," nikamwambia. "Na jicho la kushoto limeshuka kidogo, linatoa machozi. Na ule mkono hauwezi kikombe bado."

"Na nini kingine?"

"Kicheko sijakiona. Hapo sina maoni."

Akanitazama. Halafu akacheka, kicheko kikatokea upande mmoja tu, cha kuvutika, mate kidogo yakamtoka pembeni naye hakujifunika. Alicheka mpaka akalia, au alilia tu, sikuweza kutofautisha, na wifi yake akaja akapiga magoti upande wa pili akamshika uso kwa mikono yote miwili akaanza kulia naye, wakaja na wengine, mie nikasukumwa pembeni na akina mama. Mzee Hamadi aligeukia ukutani, mabega yakawa yanatikisika.

Baada ya muda, akina mama walipomwachia nafasi ya kupumua, Shangazi akamwita mdogo wake Mzee Hamadi, akamuuliza kama ni kweli jibu la posa lilikuwa linamsubiri yeye. Akasema ndiyo, dada. Shangazi akasema yeye siye atakayeishi na mtu huyu na simu yake, aulizwe mwenyewe. Uwanja mzima ukamgeukia Tatu. Alikuwa amesimama karibu na masufuria, simu yangu mkononi, macho mekundu. Hakufanya haraka hata kidogo. Mie pale chini nilikuwa nahesabu dhambi zangu.

"Namtaka," akasema. "Ila leo aondoke."

Nikaondoka. Baba mdogo Issa alibaki, akasema mshenga haondoki na njaa, na kanzu yangu ilikuwa na tope la goti moja. Nilikaa kwenye gari kumsubiri, bila simu, bila pilau, vioo nimevishusha vyote. Nikawasikia ng'ambo ya ukuta wanamuuliza Shangazi ilianzaje, alikuwa na nani siku ile, dawa gani wanampa, mkono wanaufanyisha mazoezi gani, na yeye anawajibu mmojammoja, anaeleza kwa kirefu, wala hakuna aliyetaja mvua.

Tumeshaoana na Tatu, na mkono wa Shangazi unaendelea vizuri. Kwenye grupu bado nipo, ile voisi sikuituma kamwe, kwa hiyo mjadala ulifungwa na Sele ndiye aliyeshinda, na wanashangaa kwa nini siku hizi naandika "gari hili" wananicheka mshamba. Wacha wacheke. Nilishaapa kwamba sura ya mtu sitaitolea tena maoni pembeni, wala kwa bahati mbaya. Kama nina neno nitakwenda nikamtazame, nimwambie yeye. Na tangu nimeapa hivyo nimegundua kwamba maoni mengi niliyokuwa nayo siyahitaji.